Viti Sitini

Daktari hakuandika dawa mpya siku ile. Alikifungua kitambaa cha kipimo kilichouzunguka mkono wa mama, akazitazama namba, kisha akamgeukia mume kana kwamba ndiye aliyekuja kutibiwa.

"Dawa anazo, mzee. Kilichobaki ni nyumba. Asipigiwe kelele, asipelekewe habari za kushtua, asiingizwe katika ugomvi wa aina yoyote. Mshipa ukipasuka mara ya pili, mimi na wewe hatutakuwa na la kufanya."

"Tuna harusi, daktari. Wiki tisa kutoka leo. Ya binti yetu wa pekee."

Daktari aliizungusha kalamu vidoleni mwake. "Basi fanyeni harusi isiyokuwa na harusi ndani yake," alisema, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Mzee aliipokea kauli ile kama mtu aliyekabidhiwa amana. Mtaani walimwita Bwana Viti, kwa kuwa tangu ujana wake alikuwa akikodisha maturubai mawili na viti vya chuma vya kukunja mia na themanini, kila kimoja kikiwa na alama ya jani la kijani mgongoni. Alama hizo alizichora mkewe kwa mkono wake, mkono ule ule wa kushoto ambao sasa ulikuwa umelala mapajani kama kitu cha kuazima. Bwana Viti alikuwa amezisimamia harusi za watu hata akajua zinaharibikia wapi: huharibikia mbele, pale anapoketi asiyestahili na kusimama anayestahili, tena huharibikia katika idadi. Kwa hiyo, kabla hawajafika nyumbani, alikwisha kuamua. Viti sitini. Ndoa ifungwe uani baada ya sala ya alasiri, watu wale sahani moja moja, dua isomwe, na jua la magharibi likute ua umekwisha kufagiwa.

"Baba, si afadhali tuahirishe?" aliuliza binti jioni ile. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa, na mambo ya presha aliyajua kuliko alivyotaka kuyajua.

"Nani anayeahirishwa?" sauti ya mama ilitoka chumbani. "Uliolegea ni mkono. Masikio yangu mazima."

Ndivyo nyumba ilivyokuwa. Sebule na chumba viligawanywa kwa ukuta wa mbao usiofika darini; mtu akipiga chafya sebuleni, wa chumbani ndiye aliyemwombea rehema. Baba na binti walitazamana. Walitoka wakaenda kusimama penye bomba la uani, na hapo, maji yakimwagika ili kufunika maneno, wakaafikiana kwamba habari ya harusi, nzuri au mbaya, isivuke ukuta ule.

"Mimi nitayabeba yote," alisema Bwana Viti. "Mama yako kazi yake ni kuiona siku ifike."

*

Shangazi aliwasili siku ya tatu, akiwa na mkoba, daftari na sauti yake. Alikuwa dada mkubwa wa Bwana Viti, mpishi wa shule ya bweni aliyekwisha kustaafu, na miaka ishirini na tano ya kuamrisha watoto mia nne wapange foleni ilikuwa imekaa kooni mwake isitoke.

"Sitini?" alisema, hata vikombe vya kabatini vikaitika. "Sitini ni watu wa harusi au wa kungoja basi?"

"Dada, taratibu. Wifi yako amelala."

"Mimi sina sauti ya chumbani, unajua tangu tuko wadogo. Sitini! Watu wa upande wetu pekee ni sitini. Na majirani? Na wale wote waliokalia viti vyako? Unataka waseme Bwana Viti amewanyima viti?"

"Daktari amesema..."

"Daktari amesema asipigiwe kelele. Nani anapiga kelele? MIMI NAPIGA KELELE?"

Nyuma ya mbao kitanda kililia. Bwana Viti aliinua viganja vyote viwili, kama mtu anayezuia mlango usifunguke. "Ndiyo, dada. Ndiyo. Andika unavyoona."

Shangazi alinyamaza ghafla, akamtazama nduguye kwa mshangao, maana alikuwa amejiandaa kwa mabishano ya saa nzima. Kisha akafungua daftari, akapiga mstari, akaandika mia na ishirini. Hakuwa na nia mbaya. Alimpenda binti wa nduguye kama aliyemzaa. Ila alikuwa amegundua, bila ya kujua kuwa amegundua, kwamba katika nyumba ile mwenye kupaza sauti hupewa.

Siku ile ile uongozi wa kamati ya harusi nao uliundwa, na shangazi akawa mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

*

Mshenga wa upande wa pili hakupaza sauti hata mara moja. Alikuwa mjomba wa bwana harusi, karani mstaafu wa mahakama, mwenye adabu nyingi na viatu vilivyong'aa. Aliketi, akaombea mgonjwa, akanywa chai, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mkwe wetu, sisi hatuna makuu. Tunakuja watu sabini. Na watano wa heshima."

"Tulisema thelathini, bwana."

"Tulisema, naam. Lakini familia ni kama ujuavyo." Aliigeuza karatasi. "Halafu kuna jukwaa dogo la maharusi, na mpiga picha. Kijana wetu ni fundi wa umeme, taa atafunga mwenyewe, hilo msijisumbue."

Bwana Viti aliisukuma karatasi kando kidogo. Alilipanga moyoni jawabu zuri, lenye heshima na mipaka: kwamba harusi ni mbili, ya watu na ya mgonjwa, na yeye anaifanya ya pili. Alifungua kinywa. Mshenga akasogeza kiti mbele, akakohoa kidogo, akasema kwa upole ule ule, "Au kama kuna uzito, tumwite mama mwenyewe tuzungumze naye? Haki yake kujua."

"Ndiyo," alisema Bwana Viti upesi. "Yaani hapana, asiitwe. Karatasi yako nimeikubali."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe vitupu. Mshenga alipoondoka, alimfuata baba yake bombani, akafungua maji.

"Baba, sema hapana. Neno moja tu. Mimi sitaki jukwaa, mwenzangu hataki jukwaa. Huyo mjomba ndiye anayelitaka."

"Nikisema hapana watauliza kwa nini. Nikieleza, watabisha. Wakibisha, sauti itapanda. Na mama yako pale yuko macho."

"Kwa hiyo kila atakayekuja atapata?"

Alilitazama bomba. "Wiki sita zimebaki, mwanangu. Mtu anaweza kuvumilia wiki sita."

Wakaja. Akaja mpiga picha, akasema bila ya kamera mbili harusi haionekani. Akaja mwenye vitambaa aliyeletwa na shangazi, na sare za wanawake zikachaguliwa rangi ya zambarau, pasipo mama mzazi kuonyeshwa hata kipande. Akaja jirani mwenye duka, akalalamika kwa utani kuwa hajaona kadi: "Au siku hizi mnaalika wenye presha tu?" Wote walipata ndiyo. Na wote waliipata kwa mnong'ono, maana kwa muda ule Bwana Viti alikuwa amesahau kusema kwa namna nyingine. Sokoni muuza mchele alimrudisha mara tatu, "Kilo ngapi, mzee? Hebu toa sauti." Msikitini, imamu alipomaliza Fatiha, amina yake iliishia ndani ya ndevu.

Usiku akimmezesha mkewe dawa, mkewe alimwangalia usoni.

"Mnanificha nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona unanong'ona?"

"Koo limenikamata."

"Koo la wiki tano?" Alikimeza kidonge. "Mwanangu amekataliwa? Niambie. Wamemkataa?"

"La hasha. Kila kitu shwari. Lala."

Akalala, au akafumba macho. Bwana Viti hakuwa na njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

*

Kliniki ya wiki ya saba, namba zilikuwa zimepanda. Daktari alipima mkono wa kulia, akapima tena, akamtazama mume.

"Nani anamsumbua huyu?"

"Hakuna, daktari. Nyumba kimya kabisa. Hata paka wetu hulia kwa adabu."

"Namba hazisemi kimya," alisema daktari, akaongeza nusu kidonge.

Wakati huo huo wa kliniki, binti akiwa amebaki na mama yake kwenye benchi la kungojea dawa, Bwana Viti alirudi nyumbani peke yake akiwa na haraka ya mwizi. Mpishi alikuwa ametaka malipo ya mwanzo kwa watu mia mbili na arobaini, na mahari haikuwa yake hata aiguse. Ilikuwa haki ya binti. Kitu alichokuwa nacho cha kuuza kilikuwa kimoja tu.

Mnunuzi alikuwa mwenzake wa kazi wa mtaa wa pili, aliyeitwa Miwani kwa sababu miwani yake myeusi hakuivua hata ndani ya nyumba. Alikuja na mkokoteni. Alikunjua kiti kimoja, akakikalia, akakitikisa kwa makalio, akasimama.

"Chuma cha zamani," alisema. "Siku hizi watu wanataka vya plastiki vyeupe, vinatoka vizuri kwenye picha. Ila kwa ajili yako, mia nitachukua. Na ukitaka kukodi siku yako, nitakufanyia bei ya ndugu."

"Alama zake..."

"Alama ziache. Zitanitangazia biashara."

Vilipakiwa vitano vitano, vikilia chuma kwa chuma. Mkokoteni ulipoondoka, Bwana Viti alitazama ukumbi ambamo siku zote viti vilisimama safu sita kutoka ukutani. Akafanya kazi ambayo baadaye hakuweza kuifikiria bila ya kuona haya: alivichukua themanini vilivyobaki, akavipanga mbele tu, safu moja ndefu na nyingine fupi nyuma yake, na kule ndani akaacha pengo, ili mkewe akipita kwenda msalani aone kifua cha safu kama alivyozoea kukiona.

Mkewe alirudi, akapita. Mkono mzima ulikuwa umeshika ukuta. Mbele ya viti alisimama kidogo, akaupitisha ule mkono juu ya jani la kijani la kiti cha kwanza kama mtu anayempapasa mtoto kichwani, akaenda zake bila ya neno. Bwana Viti alimshukuru Mola kwa kuwa hakugundua.

*

Siku ya harusi ua haukutosha, ikabidi kamba ifungwe na njia ya mbele izibwe kwa turubai la pili. Saa saba mchana viti vya kukodi vikafika. Msukuma mkokoteni aliyetumwa na Miwani alikuwa mtu wa kazi, hana ubaya. Alivishusha mbele ya wageni wa upande wa pili waliokwisha kuanza kuingia, akihesabu kwa sauti ya mnadani.

"Mia na hamsini na nane! Na tisa! Mia na sitini! Mzee, weka sahihi hapa. Kikivunjika kimoja unalipa, kikipotea kimoja unalipa. Amri ya tajiri, si yangu."

Sitini vilikuwa vyeupe vya plastiki. Mia vilikuwa na jani la kijani.

Mshenga, aliyekuwa amesimama na viatu vyake vinavyong'aa, alikiinamia kimoja, akauona mchoro, akakiangalia na kile cha Bwana Viti kilichokuwa kando yake. Alikuwa karani wa mahakama. Mambo ya kulinganisha alama aliyajua. Alikohoa tu, akakaa. Na Bwana Viti, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumtaka jirani sahihi, aliinamisha kichwa akatia sahihi ya kukodi vitu vyake mwenyewe.

Alipoinua kichwa aliliona dirisha la chumbani. Pazia lilikuwa wazi. Mkewe alikuwa amekaa pale, amevaa nguo yake ya buluu ya zamani, akitazama. Alitazama viti, kisha wanawake wa zambarau wakipita mbele yake mmoja baada ya mwingine, mia moja na kitu, wakimpungia, kisha jukwaa, kisha mumewe. Pazia likarudi.

Baada ya alasiri sheikh aliketi juu ya mkeka, bwana harusi mbele yake, mashahidi wawili kando, na Bwana Viti akaketi mahali pa walii. Watu mia mbili na arobaini na zaidi walinyamaza. Hii ilikuwa sehemu ambayo hakuna kamati iliyoigusa. Tangu binti yake alipozaliwa alijua kuwa siku moja atatamka maneno haya, na katika mamia ya harusi alizozisimamia, akiwa nyuma karibu na magunia ya vyombo, aliyarudia kimoyomoyo pamoja na akina baba wengine.

Aliushika mkono wa kijana. Mkono wa fundi umeme ulikuwa mkavu na wenye mikwaruzo, mkono mzuri.

"Nimekuoza..." alisema.

Sheikh alisogeza sikio. "Paza sauti, walii. Mashahidi wasikie."

"Nimekuoza binti yangu..."

Midomo ilikwenda, pumzi ikatoka, lakini kilichotoka kilikuwa ule mnong'ono wa bombani. Alijaribu tena. Alilitafuta koo lake la zamani, lile lililokuwa likiita "sogeza safu ya nyuma!" hata kuvuka uwanja, na hakulikuta mahali lilipokuwa. Shahidi mmoja alitikisa kichwa kuwa hajasikia. Nyuma mtu alicheka kidogo, akidhani ni kilio cha furaha. Shangazi akasikika kutoka upande wa wanawake, "Sema, kaka, watu wanangoja!"

Sheikh alikuwa mtu mwenye huruma, aliyeona mengi. Aliweka kiganja juu ya mikono ile miwili iliyoshikana. "Si neno. Sheria ina nafasi. Wanipa uwakala, mzee, nimwoze kwa niaba yako?"

"Ndiyo," alisema Bwana Viti.

Hilo lilisikika mpaka nyuma.

*

Ndoa ilifungwa, chakula kikaliwa, picha zikapigwa kwa kamera mbili, maharusi wakaondoka. Binti alimkumbatia baba yake mlangoni akataka kusema jambo, lakini gari lilipiga honi, akaacha kipimo cha presha mkononi mwa baba yake badala ya maneno.

Bwana Viti aliingia chumbani na kipimo hicho, akiburura kiti cha jani la kijani alichokichukua penye kizingiti ili akae karibu na kitanda. Mkewe alikuwa amekaa kitako, nguo ya buluu bado mwilini, mkono wa kushoto mapajani. Alimfunga kitambaa, akabonyeza. Namba zilipanda, zikapanda, zikasimama mahali ambapo daktari alisema zisifike.

"Nani aliyemwoza mwanangu?" aliuliza mkewe.

"Sheikh."

"Nilikuwa nimekaa nyuma ya dirisha hili tangu alasiri nikingoja sauti yako. Nikasikia ya sheikh. Nikajua umekufa."

"Nilikuwepo."

"Sikukusikia."

Aliinamisha kichwa. Nje mapipa ya vyombo yaligongana, na shangazi alikuwa akigombana na mpishi juu ya sufuria.

"Kila wiki nilisikia maji ya bomba yakifunguliwa," aliendelea mkewe, bila ya hasira, kama mtu anayesoma orodha. "Nikasema, wanazungumza kifo changu. Kisha siku ya kliniki nikapita ukumbini, nikakipapasa kiti cha kwanza, nikatazama kati ya miguu ya safu, nikaona ukuta. Miaka ishirini na sita navifuta viti vile. Nikasema, ameuza kwa sababu ya kaburi langu, anaona haya kuniambia. Nikanyamaza, nisikuongezee."

"Daktari alisema usishtuliwe."

"Hiyo zambarau," alisema mkewe, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika, "hiyo zambarau ningeikataa. Ningegombana na wifi yangu siku tatu. Ningelia, ningekataa kula, mngenibembeleza. Mama wa bibi harusi huwa na hayo. Umeninyima hata hayo."

Bwana Viti alitaka kumwambia kwamba yote aliyabeba ili yeye aione siku hii. Alitaka kumwambia kuhusu sitini. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, yakarudi. Alikiweka kitambaa cha kipimo magotini, akaanza kukikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Mlango wa uani ulibishwa kwa ngumi.

"Mzee! Mzee wa harusi! Nina mia na hamsini na tisa hapa. Kimoja hakionekani, na tajiri hatanielewa!"

Bwana Viti aliinuka. Kiti kilitoa mlio wake. Alikishika mgongoni, kidole gumba juu ya jani la kijani.

"Usimpe," alisema mkewe.

"Mzee! Kipo au hakipo?"

"Usimpe hicho. Mwambie. Mwambie kwa sauti, nikusikie."

Alisimama kati ya kitanda na mlango. Mkewe alikuwa amemkazia macho, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika mguu mmoja wa kiti. Kule nje ngumi ilianza tena kubisha.

"Ndiyo," alisema Bwana Viti, na yeye mwenyewe hakujua amemjibu nani.